Majaribio ya nyuklia yameua watu, Bunge liridhie mkataba

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma barua ya msomaji wenu wa Korogwe aliyesema kelele kuhusu majaribio ya silaha za nyuklia zimezidi. Hoja yake ni kwamba jaribio si vita, na bomu likilipuliwa jangwani au katikati ya bahari, mbali na miji, hakuna anayekufa. Aliandika hayo kufuatia tangazo la Rais Donald Trump la Oktoba 2025 kwamba ameagiza Marekani ianze tena kujaribu silaha zake za nyuklia, jambo ambalo nchi hiyo haijalifanya kwa kulipua bomu tangu mwaka 1992. Namheshimu ndugu yangu huyo, ila naomba nafasi nimjibu. Maneno yake yamewahi kusemwa na wenye mabomu, na waliolipia ni wavuvi na wazazi wa visiwani, watu wanaoishi kama tunavyoishi sisi wa pwani.

Mimi ni mkunga mstaafu. Nilizaliwa Tongoni, baba yangu alikuwa mvuvi wa jarife, na maisha yangu ya kazi yamepita kwenye wodi za wazazi hapa Tanga na zahanati za vijijini. Fizikia sikusoma. Ninachokijua ni mimba, uchungu, mtoto na mama yake. Habari za visiwa vya Marshall nilizisikia mara ya kwanza kwenye mafunzo kazini, siku tuliyofundishwa juu ya madini joto na uvimbe wa tezi la shingo. Mkufunzi alizitaja kwa dakika chache tu, akaendelea na somo lake. Mimi nilibaki pale pale, na tangu siku hiyo sijaacha kuzifuatilia.

Visiwa hivyo viko Bahari ya Pasifiki, vidogo na vya chini, minazi, mchanga na mwamba wa matumbawe. Jumapili moja ya Februari 1946, watu wa Bikini wakiwa wametoka kanisani, ofisa wa jeshi la wanamaji la Marekani, Komodoro Ben Wyatt, aliwakusanya. Akawaomba waondoke kwao kwa muda ili nchi yake ijaribu mabomu, kwa faida ya wanadamu wote na ili vita viishe duniani. Mkuu wao, Juda, akakubali. Walikuwa watu 167. Walipelekwa Rongerik, ambako chakula hakikutosha wakashikwa na njaa. Baadaye wakahamishiwa Kili, kisiwa kisicho na ghuba tulivu, mawimbi yanapiga ufukwe moja kwa moja. Anayejua uvuvi ataelewa maana yake: chombo hakitoki siku upepo ukikaza, na jioni hakuna kitoweo. Mpaka leo watu wa Bikini hawajarudi kukaa kwao. Waliojaribu kurudi miaka ya sabini waliondolewa tena mwaka 1978, kwa sababu mionzi ilikuwa imeingia kwenye nazi walizokuwa wanakula na kunywa.

Kati ya 1946 na 1958 Marekani ililipua mabomu 67 katika visiwa hivyo. Nitaeleza moja.

Alfajiri ya tarehe 1 Machi 1954, pale Bikini, walilipua bomu walilolipa jina la Bravo. Nguvu yake ilizidi mara mbili ya walivyokadiria wenyewe, ikawa kama mara elfu moja ya bomu la Hiroshima. Lilichimba shimo lenye upana wa karibu kilomita mbili. Mwamba wote uliokuwa pale ukasagika, ukaungua, ukapanda mawinguni, na upepo ukaupeleka mashariki kwenye kisiwa cha Rongelap, mwendo ambao ni karibu sawa na kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam kwa baharini. Saa chache baadaye unga mweupe ukaanza kuwashukia watu, mweupe kama chokaa inayotolewa tanurini. Hakuna aliyekuwa amewaambia kitu. Watoto waliuchezea. Ulitua kwenye nywele, kwenye vyakula, kwenye maji ya kunywa. Kufika usiku watu walikuwa wanatapika, ngozi inawasha na kuungua. Baadaye nywele zikaanza kung'oka.

Kisiwa cha jirani walikuwako wanajeshi 28 wa Marekani waliokuwa wakipima hali ya hewa. Hao waliondolewa kesho yake. Watu wa Rongelap, wajawazito na watoto wachanga wakiwemo, walifuatwa siku moja baada ya hapo, wakiwa wameshakula na kunywa sumu ile kwa siku mbili.

Hapa naomba wasomaji wanivumilie, kwa sababu ndipo kazi yangu inapogusana na habari hii. Tezi la shingo linaishi kwa madini joto. Ndiyo maana tunasisitiza chumvi yenye madini joto kwa wajawazito, na ndiyo maana zamani tulikuwa tukiwaona kina mama kutoka milimani wenye uvimbe mkubwa shingoni. Bomu la nyuklia linatoa madini joto yenye mionzi, na tezi halina namna ya kuyatofautisha na yale mema. Linayavuta yote na kuyahifadhi. Tezi la mtoto ni dogo, kwa hiyo kiasi kile kile kinachoingia kwa mtu mzima kinamchoma mtoto zaidi. Uvimbe wa kwanza Rongelap ulionekana mwaka 1963, miaka tisa baada ya Bravo. Baada ya huo ikawa ni mfululizo, na wengi wa waliokuwa chini ya umri wa miaka kumi siku ile waliupata. Wako watoto wa kiume wawili waliodumaa, hawakukua, kwa kuwa tezi zao zilikuwa zimekufa. Lekoj Anjain alikuwa na mwaka mmoja siku unga uliposhuka, na baba yake, John Anjain, ndiye alikuwa kiongozi wa kijiji. Lekoj alifariki mwaka 1972 kwa saratani ya damu, akiwa na miaka 19. Ndugu yangu wa Korogwe anasema hakuna anayekufa.

Mwaka 1957 watu wa Rongelap walirudishwa kisiwani kwao wakiambiwa ni salama. Madaktari wa Kimarekani wakawa wanakuja kila mwaka kuwapima damu na kuwapiga picha. Na mwaka mmoja kabla ya kurudishwa, katika kikao cha Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani, ofisa aliyeitwa Merril Eisenbud alikwisha kusema kwamba watu hawa hawaishi kama watu waliostaarabika, lakini wanafanana na sisi kuliko panya wanavyofanana na sisi. Kumbukumbu za kikao hicho zipo. Nimewashika mikono wagonjwa wengi maishani mwangu, maskini na wenye nacho, na sijapata kusikia neno la mtaalamu wa afya lililoniumiza kama hilo. Mgonjwa humpimi ili ujue sumu inafanyaje kazi. Unampima umtibu, na kama ni mahali alipo panapomwua, unamtoa.

Sasa kuhusu uzazi.

Miaka ya nyuma, katika wodi moja ambayo sitaitaja, nilimpokea binti aliyekuja na mimba yake ya kwanza. Mtoto alizaliwa hana fuvu juu ya macho. Hilo hutokea, lina sababu zake, na kwa binti yule halikuhusiana na bomu lolote. Alipumua kidogo akatulia. Nje walikuwepo shangazi na mama mkwe, na swali lao la kwanza lilikuwa binti amefanya nini. Wakataka mtoto azikwe upesi na mama yake asionyeshwe. Nilimfunika mtoto kwa khanga, nikaacha mikono wazi, nikamwuliza binti kama anataka kumwona. Akasema ndiyo. Alivishika vile vidole kimoja kimoja, vilikuwa vizima, vizuri, vina kucha. Halafu akaniuliza kama ni kweli ni kosa lake. Nilimweleza kwa lugha nyepesi kadiri nilivyoweza, na sijui kama aliniamini kuliko alivyowaamini waliokuwa nje.

Huyo ni mmoja. Wanawake wa Rongelap wamesimulia jinsi walivyozaa, mwaka baada ya mwaka, watoto wasio na mifupa, ngozi inapitisha mwanga mpaka unaona ubongo na moyo unavyodunda, wanaishi siku moja mbili, kisha wanakufa. Wakawaita yavuyavu, kwa sababu hawakuwa na jina jingine la kuwapa. Wengi walificha kwa aibu, wakiogopa kudhaniwa wametoka nje ya ndoa. Lijon Eknilang alikuwa mtoto wa miaka minane Rongelap siku ya Bravo. Novemba 1995 alisimama mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague akaeleza kwamba mimba zake saba ziliharibika, na akawasemea wenzake waliokuwa hawawezi kusimama pale. Nilipolisoma hilo nilimfikiria yule binti wangu na swali lake. Wanawake hawa nao waliulizwa wamefanya nini. Na waliofanya walikuwa mbali, wanaandika ripoti.

Mwaka 1985 watu wa Rongelap walichoka kusubiri. Waliomba msaada wa meli ya Greenpeace, shirika la kutetea mazingira, wakabomoa nyumba zao, wakapakia mbao na mabati, wakaondoka wenyewe.

Siku ile ile ya Bravo, wavuvi 23 wa Kijapani walikuwa kwenye chombo chao, Daigo Fukuryu Maru, wakivua jodari nje ya eneo lililopigwa marufuku. Waliona mwanga upande wa magharibi, baadaye wakasikia mshindo, kisha unga ule ule ukawaangukia wakiwa wanavuta mishipi. Hawakutupa kazi, mvuvi hatupi mshipi baharini. Walipofika bandari ya Yaizu wiki mbili baadaye walikuwa wameungua nyuso na nywele zinawatoka, na samaki wao walikwisha kuingia sokoni kabla watu hawajajua. Serikali ya Japani ikaanza kupima samaki kwa vifaa vya mionzi, na mpaka mwisho wa mwaka vyombo vingine mamia vilikutwa vimebeba samaki wenye mionzi. Jodari wakazikwa ardhini, bei ikaanguka, watu wakaogopa kununua samaki wa aina yoyote. Nenda soko la Deep Sea hapa Tanga asubuhi wakati mnada umepamba moto, uwaone kina mama na mabeseni yao waliokopa mtaji wa siku moja, halafu ufikirie mtu anakuja na kifaa mkononi na kusema samaki wote hawa wakazikwe.

Septemba 23 mwaka huo, mtu wa redio wa chombo kile, Aikichi Kuboyama, alifariki akiwa na miaka 40, akaacha mke na mabinti watatu. Marekani ilitoa dola milioni mbili na kusema huo ni msaada, haikukubali kwamba ina kosa. Baharia mwingine, Matashichi Oishi, alikuwa kijana wa miaka 20. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa amekufa. Alikimbilia Tokyo akafungua dobi, akanyamaza miaka mingi kwa kuogopa kunyooshewa vidole, kisha akaanza kuzunguka shuleni kuwaeleza watoto yaliyompata, mpaka alipofariki mwaka 2021.

Wapo watakaosema hayo ni ya Pasifiki. Basi tuje Afrika. Februari 13, 1960, Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza Reggane, jangwa la Algeria. Tanganyika bado tulikuwa chini ya Waingereza, lakini Kwame Nkrumah alizuia mali za Ufaransa zilizokuwa Ghana kupinga kitendo hicho. Mfaransa akaendelea, jumla ya milipuko 17 mpaka 1966, mingine chini ya mlima huko In Ekker. Waliosema chini ya ardhi ni salama waliaibika Mei 1, 1962, mlima ulipopasuka na wingu la mionzi likawafuata hata mawaziri wawili waliokwenda kutazama. Mawaziri walipata magari ya kukimbia. Wafaransa walipoondoka walifukia vifaa vyao mchangani, na wenyeji ambao hakuna aliyewaonya wakavifukua kama vyuma chakavu, nyaya na mabati, wakavitumia majumbani mwao. Sheria ya kulipa fidia ilipitishwa Paris mwaka 2010, nusu karne baadaye, na Waalgeria waliofaidika nayo ni wa kuhesabu.

Sitaingia sana Kazakhstan, ambako Wasovieti walifanya majaribio 456 kwenye eneo la Semipalatinsk. Itoshe kumtaja Karipbek Kuyukov, aliyezaliwa karibu na hapo mwaka 1968 bila mikono, na ambaye leo ni mchoraji. Anachora kwa mdomo na miguu, na anachowachora ni watu wa kwao.

Najua swali litakalofuata: sisi Tanzania tunaweza nini mbele ya wenye mabomu? Nitajibu kwa meno. Mwaka 1958, katika mji wa St. Louis, Marekani, madaktari na kina mama walianza kukusanya meno ya utotoni. Kwetu jino likitoka mtoto hulirusha paani. Wao waliwaambia watoto walitie kwenye bahasha, na mtoto akapewa beji. Daktari Louise Reiss aliongoza kazi hiyo, na yalikusanywa meno laki kadhaa. Walikuwa wanatafuta strontiamu, aina ya madini yenye mionzi ambayo hutoka kwenye mlipuko, huanguka na mvua majanini, ng'ombe hula, na mwili wa mtoto anayekunywa maziwa huipokea kama kalsiamu na kuijengea mifupa na meno. Wakaikuta. Watoto waliozaliwa miaka ya milipuko mingi walikuwa nayo zaidi ya wale waliotangulia. Hao walikuwa watoto wa Wamarekani wenyewe, maelfu ya kilomita kutoka Bikini. Agosti 1963 Marekani, Muungano wa Kisovieti na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuacha kulipua mabomu hewani, majini na anga za juu, na ushahidi wa meno yale ulikuwa sehemu ya shinikizo.

Kwa hiyo karatasi zina kazi yake, zikifuatwa na watu. Mkataba wa mwaka 1996 wa kupiga marufuku majaribio yote haujaanza kufanya kazi mpaka leo kwa kuwa Marekani na China, miongoni mwa wengine, zilisaini bila kuridhia, na Urusi iliyokuwa imeridhia ilijitoa katika uridhiaji huo Novemba 2023. Tanzania mkataba huo tumeuridhia tangu 2004. Upo mwingine mpana zaidi, Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia, ulioanza kutumika Januari 22, 2021. Huu haukatazi kujaribu tu, unakataza kuwa nazo, na ibara yake ya sita inazitaka nchi wanachama kuwatibu na kuwasaidia watu walioathiriwa na majaribio na kusafisha ardhi iliyochafuliwa. Kwa mkunga, hiyo ibara ya sita ndiyo roho ya mkataba. Tulitia saini Septemba 2019. Majirani zetu Komoro, Malawi na Kongo wameshauridhia. Sisi bado.

Nitaambiwa tuna shida za maji na barabara, na wodi zenyewe nilizofanyia kazi zina upungufu. Ni kweli, nazijua shida hizo kuliko wengi. Lakini kuridhia mkataba hakuchukui fedha ya dawa wala ya kisima. Kunahitaji serikali ipeleke hoja na wabunge wainue mikono.

Katiba yetu, Ibara ya 63, imelipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ya namna hii. Mbunge wetu nimemwandikia na barua nimeikabidhi ofisini kwake. Nawaomba wakunga na wauguzi wenzangu, walio kazini na waliostaafu, Tanga, Pangani, Muheza, Mkinga na kwingineko, nao wawaandikie wa kwao. Nawaomba pia wavuvi na BMU zao, yaani vikundi vyao vya kusimamia fukwe na uvuvi. Swali la kuulizwa Dodoma ni fupi: Serikali italeta lini bungeni, kwa ajili ya kuridhiwa, Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia iliousaini mwaka 2019, na ni kitu gani kimeuchelewesha?

Mkunga mstaafu,
Makorora, Tanga.